Kata tiyo, okoa rakori

Siku ile tulipofika kwenye ushirika mmoja wa wakulima, katika vilima vya juu ya Sake, tulidhani wanachoma takataka. Moshi mweusi ulikuwa unapanda katikati ya shamba, na harufu ya plastiki ilitufikia tungali njiani. Kumbe vijana wanne walikuwa wamezunguka moto, kila mmoja ameshika kipande cha tiyo nyeusi. Wanachoma mwisho wa tiyo ili ulainike, kisha wanavuta rakori kwa pensi.

"Tunakomboa rakori za zamani," Mama Prezida wa ushirika alitueleza. "Kununua mupya, feza iko wapi?"

Kando yao kulikuwa na beseni lenye rakori tisa. Tuliziangalia moja moja. Saba zilikuwa zimekwisha haribika: midomo imepinda, meno yameyeyuka, na nati moja imeshikamana na mwili wake kabisa. Mbili tu ndizo zilizokuwa zinafaa. Na pale kwenye majani, tiyo zilizokuwa bado hazijafunguliwa zilikuwa nyingi.

Tuliomba moto uzimwe kwanza, ndipo tukae tuzungumze. Haya tunayowaandikia leo yametoka katika siku tatu tulizofanya kazi na ushirika ule, pamoja na fundi mmoja mzee wa maji aliyetoka Goma. Tunaamini yatawafaa wengine wengi, maana tiyo zilizokatika si za ushirika ule peke yake.

Kwa nini tunahangaika na kitu kidogo hivi

Mstari wa maji wa ushirika ule unashuka kutoka chemchemi ya juu hadi kwenye kitalu cha kabichi na vitunguu, na njiani kuna robine moja ambayo mtaa mzima unachota maji ya kunywa. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika upande wa Sake, watu walikimbia. Waliporudi walikuta tiyo imekatwa-katwa kama muwa. Vipande vingine havikuonekana tena. Vingine vilikuwepo, na rakori zimo ndani.

Zamani mtu angesema: twende Birere, tununue nyingine, tupakie kwenye chukudu, basi. Lakini benki za Goma zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, hata mwenye akiba alikosa pa kuitoa, na ushirika ukabaki na pesa kidogo iliyokuwa mkononi mwa wanachama. Tena ukienda kwenye kenkayeri yoyote ukauliza bei, mara nyingi utakuta mansho moja ya tiyo ya 32 inapita bei ya mita nzima ya tiyo yenyewe.

Hapo ndipo lilipo neno letu kubwa la leo. Ukisahau mengine yote, ushike hili: kati ya tiyo na rakori, kinachokatwa ni tiyo. Vijana wale walikuwa wanafanya kinyume. Walitaka kuokoa sentimita kumi za tiyo, wakaunguza rakori ambayo bei yake ni ya mita nzima.

Kuna mambo mengine mawili yaliyokuwa yanatuharakisha. La kwanza ni majira. Kwetu kiangazi ni Juni hadi Agosti. Anayetaka kupandikiza kabichi mvua zikianza Septemba, lazima kitalu chake kinywe maji Julai na Agosti. Bila mstari ule, mama wa ushirika walikuwa wanapanda na bido mgongoni, na kitalu kilikuwa kimepunguzwa hadi vitanda viwili.

La pili ni ugonjwa. Hapa Goma hatuhitaji mtu atufundishe kolera ni nini. Wazee wanakumbuka Julai 1994. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, lava iliharibu tangi na tiyo kubwa za maji, na watu karibu nusu milioni wakakosa maji safi kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa Januari 2025 maji yakakatika tena mjini, na watu wakateremka ziwani na bido zao. Tiyo inayovuja nayo ni mlango wa kolera. Maji yakiwa yanasukuma, yanatoka nje kwenye tundu. Lakini maji yakifungwa juu, yale yaliyomo ndani yanaendelea kuteremka, na yakiteremka yanavuta. Hapo tundu lile lile linanyonya maji ya matope yaliyo nje, pengine na ya choo. Asubuhi mtoto anafungua robine, anakunywa.

Kwa hiyo kutumia rakori ya zamani ni jambo zuri, mradi isivuje. Rakori ya bure inayovuja ni ghali kuliko mpya.

Kwanza tambua uliyo nayo

Katika tiyo nyeusi zinazopindika, tunakutana na rakori za aina mbili.

Aina ya kwanza ni ya kukaza. Ina mwili mweusi na nati kubwa, mara nyingi ya bluu, ambayo wengine tunaiita ekru. Tiyo inaingia ndani ya rakori. Ukiifungua utakuta, kwa kufuatana kutoka nje kwenda ndani: nati, pete ya kushika yenye mkato na meno ndani, pete ya kusukuma (nyingine hazina), pete ya mpira, kisha mwili. Pete ya meno inazuia tiyo isichomoke. Pete ya mpira inazuia maji yasitoke. Kila moja ina kazi yake, na moja haifanyi kazi ya mwenzake.

Aina ya pili ni ya kuchomeka. Hii haina nati. Ni kipande chenye mabega mabega kama mgongo wa samaki, kinaingia ndani ya tiyo, na juu yake inafungwa kolye ya chuma. Hapa kinachozuia maji ni yale mabega kubanana na ukuta wa tiyo.

Rakori zilizogundishwa kwa gundi kwenye tiyo ngumu za PVC, na zile zilizounganishwa kwa kuyeyushwa na mashine, hazitoki zikiwa nzima. Hizo usipoteze muda nazo.

Kutoa rakori ya kukaza

Funga maji juu, fungua robine ya chini, acha tiyo imwagike yote. Kisha osha rakori kabla ya kuigusa nati. Vumbi la lava ni kama msasa: likiingia kwenye nyuzi za nati, kila mzunguko unazila.

Zungusha nati kwa mkono. Ikikataa, usikimbilie pensi, maana meno ya pensi yanang'oa mbavu za nati na mara nyingine kuipasua. Fundi wetu alitoa mfukoni ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Aliuzungusha kwenye nati mara mbili, akaukaza, akavuta. Nati tatu kati ya nne zilifunguka hivyo. Ile ya nne aliimwagia maji ya moto kidogo juu ya nati peke yake, akasubiri, ikafunguka.

Nati ikisharudi nyuma, utaiona pete ya meno imeng'ang'ania tiyo. Kabla ya kuigusa, angalia imeelekea upande gani. Mwenye simu apige picha. Kisha panua mkato wake polepole kwa kijiti, si kwa bisibisi, na uisogeze. Shika mwili kwa mkono mmoja, tiyo kwa mwingine, zungusha kushoto na kulia huku unavuta. Itatoka.

Vipande vya rakori moja usivichanganye na vya nyingine. Tulivitunga kwenye waya, kila rakori waya wake, kwa mpangilio ule ule tuliovikuta, kama mtu anavyotunga samaki wa kuuza. Kazi ya dakika moja, lakini jioni hakuna aliyeuliza pete hii ni ya wapi.

Kutoa rakori ya kuchomeka

Hapa ndipo moto ule ulipokuwa umeanzia, kwa sababu rakori hizi zinang'ang'ania kweli. Vijana hawakukosea kutafuta joto. Walikosea kutumia moto.

Fundi alieleza hivi. Maji yakichemka hayapandi joto tena. Hapa kwetu juu, Goma ikiwa karibu mita 1500 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka yakifika kama digrii 95. Plastiki ya tiyo nyeusi inayeyuka ikipita digrii 105 hadi 130, kufuatana na aina yake. Maana yake, maji yanayochemka yatailainisha tiyo lakini hayawezi kuiyeyusha hata ukiyasahau. Moto wa kuni unapita digrii hizo mara kadhaa, na hakuna mkono unaoweza kuupima.

"Sufuria haiwezi kukudanganya," alisema. "Moto unakudanganya kila siku."

Basi tulifanya namna hii. Legeza kolye, irudishe nyuma. Tumbukiza sehemu yenye rakori ndani ya maji yanayochemka, hesabu hadi sitini. Itoe, ishike kwa kitambaa kizito, na uzungushe huku unavuta. Watoto wakae mbali na sufuria. Ikitoka, umeshinda.

Ikikataa mara mbili, sasa kata tiyo. Lakini kata kwa akili. Kwanza kata moja kwa moja, vidole viwili mbele ya pale rakori inapoishia ndani, ili ubaki na kipande kifupi. Kisha chukua kisu chenye makali, chora mstari wa mshazari juu ya kipande kile, uingie nusu tu ya unene wa ukuta wa tiyo. Usifike ndani. Rudisha kwenye maji ya moto, toa, na ufungue kwa vidole gumba pale ulipochora. Tiyo itapasuka yenyewe na kufunguka kama ganda la ndizi.

Kwa nini kisu kisifike ndani? Kwa sababu kikigusa mabega ya rakori kitaacha mkwaruzo unaokatisha bega moja hadi jingine. Mkwaruzo huo ni mfereji. Maji yataufuata hadi nje, na kolye hata ukiikaza namna gani haitaufunga.

Usaili wa rakori

Rakori kutoka nzima si sawa na rakori kufaa. Tulikaa chini ya mti na Mama Prezida, tukazipitisha moja moja, tukaziweka katika mafungu matatu: zinazofaa, zinazohitaji pete mpya, na za kutupa. Tuliangalia haya:

Mwili: ugeuze kwenye jua, utafute ufa, hasa penye kona ya kude na penye shingo ya te. Ubane kwa mkono. Ukisikia unalia au ukiona ufa unafunguka, tupa.

Nyuzi: pitisha ukucha. Nyuzi zilizolala au kukatika hazitakaza.

Nati: tazama ufa unaoshuka kwa urefu wake. Nati yenye ufa itaonekana nzima mpaka siku maji yatakaposukuma.

Pete ya meno: gusa meno kwa ukucha. Yakiwa yamelainika, tiyo itachomoka. Pete iliyovunjika usiifunge kwa waya.

Pete ya mpira: hii ndiyo inayochoka kwanza. Mpya ina umbo la mviringo, kama uzi mnene. Iliyochoka ina upande bapa. Ibane: ikiwa ngumu, ina mikato au haijirudi, nunua nyingine ya kipimo kile kile. Pete ya mpira ni bei ndogo sana ukilinganisha na rakori nzima.

Mabega ya rakori ya kuchomeka: yawe makali na bila mkwaruzo wa kwenda urefu.

Na jambo moja ambalo halionekani kwa macho: uliza rakori hiyo imetoka wapi. Iliyotumika kwenye pampu ya dawa za wadudu isiingie kamwe kwenye mstari wa maji ya kunywa. Plastiki inanyonya, na kuosha hakutoshi.

Kufunga tena: hapo mzee mmoja alipopinga

Tulipowaambia kwamba kila mwisho wa tiyo uliowahi kuwa ndani ya rakori lazima ukatwe, papa mmoja mzee alisimama. "Mukikata huku na huku," alisema, "hii tiyo itabaki? Tumebaki na kidogo, na weye unatuambia tukate tena?"

Swali lake lilikuwa la haki. Sababu ya kukata ni hii: pete ya meno imeacha makovu juu ya ngozi ya tiyo. Pete ya mpira ikikaa juu ya kovu, maji yanapita chini yake. Kwa tiyo ya kuchomeka, mdomo umekwisha kupanuka, na hautabana tena kama zamani.

Fundi hakubishana naye. Alichukua kijiti, akaandika chini kwenye mchanga. Viungo 24, kila kimoja kina miisho miwili, jumla miisho 48. Kila mwisho tunakata sentimita kumi. Jumla ni mita 4 na sentimita 80. "Muzee, mita tano hazijafika. Na hapa munayo karibu mia tatu." Papa yule aliangalia hesabu, akahesabu mwenyewe kwa vidole, kisha akachukua msumeno akawa wa kwanza kukata.

Ukisha kukata, fanya hivi:

Mdomo wa tiyo uwe umekatwa sawa, si mshazari. Msumeno wa chuma ni bora kuliko panga. Kwangua ukingo wa nje kwa kisu ili usichane pete ya mpira unapoingia.

Pima rakori inaingia kina gani, weka alama ya kalamu juu ya tiyo. Usipoweka alama hutajua kama tiyo imefika mwisho au imesimama kwenye pete.

Paka mdomo wa tiyo maji ya sabuni. Usipake mafuta ya motere wala girisi. Pete nyingi za mpira zikikutana nayo huvimba na kulegea.

Sukuma hadi kwenye alama. Kaza nati kwa mkono mpaka ikatae, kisha ongeza kidogo kwa kle. Anayepanda juu ya kle kwa mguu anapasua nati aliyoiokoa jana.

Kwa rakori ya kuchomeka, lainisha mdomo wa tiyo kwa maji ya moto, ingiza hadi bega la mwisho, kisha funga kolye. Kolye yenye kutu iliyokula nyuzi zake, badilisha.

Penye nyuzi za robine, toa teflo ya zamani yote, zungusha mpya kufuata upande ambao robine inakazwa.

Tiyo inatembea

Kuna ushirika mwingine, upande wa Kibumba, ambao walifunga vizuri kabisa, na bado tiyo ilichomoka usiku. Walifikiri ni mwizi. Haikuwa mwizi. Tiyo nyeusi ikipata jua inarefuka, ikipata baridi inafupika. Mita 100 zilizoachwa juani, joto likibadilika kwa digrii 20, zinaweza kurefuka au kufupika kwa sentimita 30 hadi 40. Ukiifunga saa sita mchana ikiwa imenyooka, usiku itajivuta yenyewe. Ilaze ikiwa inapinda-pinda kama nyoka, na ufunge viungo asubuhi au jioni.

Pia usiilaze juu ya lava tupu. Mawe yetu yanakata. Weka udongo laini au mchanga chini yake na juu yake.

Na angalia nguvu ya maji. Kila mita 10 za kuteremka zinaongeza bari 1. Tiyo iliyoandikwa PN 6 inabeba bari 6, yaani mteremko wa mita 60 kwenda chini, na si zaidi. Ushirika wetu wa Sake ulikuwa na mteremko wa mita kama 45, kwa hiyo walikuwa salama. Anayeteremsha maji mita 80 kwa tiyo ya PN 6, hata rakori mpya hazitamsaidia. Anahitaji tangi dogo katikati ya njia la kuvunja nguvu ya maji.

Kosa letu

Siku ya tatu mstari ulikuwa umekamilika. Tulikuwa tumeokoa rakori 17, na ushirika ulinunua saba mpya pamoja na pete za mpira. Jioni watu walikuwa na hamu ya kuona maji. Fundi alitaka viungo vyote vikae wazi usiku kucha, na kila kimoja kimwagiwe majivu makavu ya kuni chini yake, maana majivu meupe yanageuka meusi kwa tone moja tu. Lakini pale mstari unapokatisha njia ya ng'ombe, vijana walishauri tufukie viungo viwili mara moja, ng'ombe wasikanyage. Sisi tulikubali. Tena viungo hivyo viwili vilikuwa vya rakori za zamani.

Asubuhi majivu ya viungo vyote vilivyo wazi yalikuwa makavu, isipokuwa kimoja, ambacho tulikikaza robo mzunguko kikanyamaza. Tulifurahi, tukarudi Goma. Baada ya siku tisa Mama Prezida alitupigia simu. Mama mmoja aliyekuwa anapita njiani na mtoto aliona matope mahali ambapo hapajanyesha. Walifukua, wakakuta rakori moja kati ya zile mbili inavuja, na shimo limejaa maji ya samadi. Walifunga maji hapo hapo, wakaambia kila nyumba wachemshe maji ya kunywa. Hakuna aliyeugua, tunamshukuru Mungu. Lakini tungekuwa tumewaletea wenyewe kile tulichokuja kukizuia.

Tulirudi tukatengeneza pamoja. Chini ya njia tumeweka tiyo nzima isiyo na kiungo, ndani ya tiyo nyingine kubwa ya kuikinga. Tangu siku hiyo sheria yetu ni moja: rakori ya zamani inakaa mahali jicho linapoifikia. Chini ya njia, chini ya nyumba, karibu na choo au zizi, weka tiyo isiyo na kiungo, na ukishindwa, weka rakori mpya iliyolala wazi usiku mmoja kabla ya kufukiwa.

Kusafisha kabla ya kunywa

Rakori na vipande vya tiyo vilivyolala chini vimepitiwa na panya na matope. Vioshe kwa sabuni na brashi. Kisha loweka rakori kwa dakika 30 katika maji yenye javeli, kijiko 1 cha supu kwa kila lita 1 ya maji. Mstari ukikamilika, acha maji yapite na kumwagika shambani mpaka yatoke meupe na bila harufu. Maji ya kwanza si ya kunywa wala si ya kumpa mtoto.

Mambo ya kuzungumza katika mkutano wenu

Tunaomba kila ushirika wenye mstari wa maji uchukue nusu saa katika mkutano ujao, mkubaliane mambo haya:

1. Nani anashika sanduku la rakori. Awe mtu mmoja, na awe na daftari: rakori gani imeingia, imetoka mstari gani, nani ameisaili.

2. Hakuna kuchoma tiyo kwa moto. Sufuria ya maji ipo kila nyumba.

3. Rakori iliyotumika kwa dawa ipakwe rangi nyekundu, isichanganyike.

4. Kila unapokwenda mjini, nunua pete chache za mpira za vipimo vyenu, hata kama hakuna kilichoharibika.

5. Nani anatembea kando ya mstari kila juma kuangalia viungo. Kule Sake wamempa kazi hiyo mama yule aliyeona matope. Anatembea Jumamosi asubuhi, na mfuko wa majivu mkononi.

Kitalu chao sasa kina vitanda tisa. Zile rakori saba zilizoungua hawakuzitupa. Mama Prezida amezitunga kwenye waya, amezitundika mlangoni pa depo, na kijana yeyote anayekuja kuomba rakori anaonyeshwa hizo kwanza.